Mtoto asiyetulia darasani ana haki yake

Kila muhula mpya unapofunguliwa, wazazi wengi huwaza karo, sare na vitabu. Wako wazazi wengine, wala si haba, ambao huwaza jambo jingine kabisa: wanaingojea simu ya mwalimu mkuu. Mtoto wao hakai kitini. Hujibu swali kabla halijamalizika, hupoteza kalamu tatu kwa juma, huanza hesabu ya kwanza na kuiacha njiani, na daftari lake lina kurasa tupu nyingi kuliko zilizoandikwa. Mwaka wa kwanza huitwa mtundu, mwaka wa pili huitwa mkaidi, na mwaka wa tatu mzazi huombwa amtafutie shule nyingine. Tumeonelea tulijadili suala hili leo kwa sababu wengi wa watoto hao si watundu wala wakaidi, na ziko njia za haki za kuwasaidia ambazo wazazi wao hawajaelezwa.

Hali tunayoizungumzia ni ya upungufu wa umakini na kutotulia kupita kiasi, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi ADHD. Haikuletwa na simu wala televisheni. Mwaka 1902 daktari George Still wa London aliwaeleza madaktari wenzake habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia, na hata yeye akadhani kwamba kasoro iko katika maadili yao. Elimu ya leo imemsahihisha. Hii ni tofauti katika ukuaji na utendaji wa ubongo, aghalabu hurithiwa katika ukoo, na makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba huwapata watoto wapatao 5 katika kila 100. Si matokeo ya malezi mabaya. Wala si kila mwenye hali hii hurukaruka. Wako waliotulia kimya kabisa huku fikira zao ziko mbali. Hao, na wasichana ni wengi miongoni mwao, hupita darasa baada ya darasa bila ya mtu kuwatambua.

Hata hivyo, si kila mtoto mchangamfu ana hali hii. Wataalamu hutaka dalili ziwe zimedumu kwa muda usiopungua miezi 6, zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na ziwe zinamzuia mtoto katika maisha yake. Mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, asiyelala vya kutosha au aliyefiwa anaweza kuonyesha dalili zinazofanana na hizo. Ndiyo maana kipimo cha macho na masikio hutangulia mambo mengine yote.

Katika jamii yetu yako maelezo mawili yanayochelewesha msaada. La kwanza ni kwamba mtoto ana jini, hivyo akapelekwa kuzinguliwa na kunyweshwa kombe mwaka baada ya mwaka. Hatumkatazi mzazi kumwombea mwanawe dua. Lakini dini iliyotuhimiza dua ndiyo hiyo hiyo iliyotuhimiza kutafuta matibabu, na moja halisimami mahali pa jingine. La pili ni kwamba amekosa bakora. Hapa tunasema wazi: mtoto anayeshindwa kutuliza mwili wake hafundishwi kutulia kwa kupigwa. Anachojifunza ni kuichukia shule, na akishaichukia, mtaani wapo wanaomngojea.

Tutazame sasa sheria za nchi yetu zinasemaje. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizo pamoja na jamii, kwa kadiri inavyomfaa. Na ulemavu ni nini? Kifungu cha 260 hakikuishia kwenye viungo, macho na masikio. Kinataja pia hali za akili na za kisaikolojia zenye athari kubwa au za muda mrefu kwa shughuli za kila siku za mtu. Kwa tafsiri hiyo, mtoto ambaye ADHD imemlemea masomoni hayuko nje ya ulinzi wa Katiba. Isitoshe, adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Mwaka 2018 serikali ilizindua sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, inayotaka wasome pamoja na wenzao katika shule za kawaida kila inapowezekana.

Ikiwa sheria ni nzuri hivyo, kwa nini mzazi bado anaingojea ile simu? Tunaona sababu tatu. Kwanza, ulemavu huu hauonekani. Mtoto asiyeona hahitaji kuthibitisha kwamba haoni. Huyu wetu hudhaniwa kwamba angeweza lau angetaka. Pili, mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 hana nafasi ya kumfuata mmoja, na wengi hawakupata mafunzo ya kutosha kuhusu hali hii. Haifai kumbebesha mwalimu lawama yote. Tatu, madaktari wa afya ya akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi, hivyo mzazi wa Lamu au Garissa huona safari ni ndefu, akakata tamaa.

Lakini mlango upo karibu zaidi kuliko wanavyodhani wengi. Tangu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianzisha vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu katika elimu, vijulikanavyo kwa kifupi EARC, na leo vimeenea katika kaunti mbalimbali. Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, nayo ina kituo cha tathmini Nairobi. Mzazi aulize katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yake, ataelekezwa kituo kilicho karibu.

Kabla ya kwenda, tunamshauri mzazi aandike. Kwa majuma mawili aandike kila siku ni lini mtoto alishindwa kumaliza kazi, ni lini alifaulu, na ni jambo gani lilimsaidia. Amwombe mwalimu wa darasa afanye vivyo hivyo. Karatasi hizo zina uzito kuliko malalamiko ya mdomo. Kisha, akiwa na taarifa ya tathmini, amwandikie mwalimu mkuu barua, abaki na nakala, na aombe kikao cha kuandaa mpango wa elimu wa mtoto huyo binafsi, utakaopitiwa upya kila muhula.

Katika kikao hicho asiombe huruma. Aombe mambo yanayotekelezeka. Mtoto aketi mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe agizo moja moja, si matano kwa mkupuo. Kazi ndefu igawanywe vipande. Atumwe kufuta ubao au kupeleka daftari ofisini ili apate kunyoosha miguu. Kuwe na kijitabu kinachokwenda na kurudi kati ya mwalimu na mzazi, chenye mema pamoja na makosa. Karibu yote hayo hayagharimu shilingi. Na mitihani ya kitaifa inapokaribia, mzazi akumbuke kwamba Baraza la Mitihani, KNEC, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Ombi hupitia shuleni wakati wa usajili pamoja na ushahidi wa kitaalamu, wala si juma la mtihani. Shule ikikataa kusikiliza, iko bodi ya usimamizi, na juu yake ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Kuhusu dawa, zipo ambazo utafiti umeonyesha kwamba huwasaidia watoto wengi, lakini huamuliwa na daktari pamoja na mzazi, wala shule haina mamlaka ya kuifanya dawa kuwa sharti la kumpokea mtoto.

Tunafahamu kwamba wazazi wengi wanaliogopa neno ulemavu, wakihofia kwamba litamganda mtoto hadi siku ya kuoa au kuolewa. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini mtoto huyo tayari ana majina: mjinga, mvivu, mwenda wazimu. Majina hayo hayamfungulii mlango wowote. Jina la kitaalamu humletea mpango, muda na mtu wa kumfuatilia, tena taarifa ya tathmini ni siri ya wenye kuhusika, si tangazo la mtaa.

Mwisho, tunawageukia walimu wa vyuo na madrasa. Mtoto asiyetulia asubuhi shuleni ndiye huyo huyo anayefika kwenu alasiri akiwa amechoka zaidi. Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka kufundishwa, nasi tunaisoma kila uchao. Basi mtoto huyu apewe aya chache kwa kikao, asome akiwa amesimama kama hivyo ndivyo anavyohifadhi, na mtoto mkubwa aliye mtulivu aketishwe karibu naye. Kamati za misikiti nazo zinaweza kuwaalika maafisa wa vituo vya tathmini waje kuzungumza na wazazi baada ya swala. Mzazi mmoja akienda peke yake huonekana msumbufu. Wakienda kumi pamoja, ofisi husikiliza.

Wabillahi taufiq.