Wakristo, Turudini Jikoni

Krismasi inakaribia, na nina neno ambalo nikilinyamazia litanikaba roho. Tumeanza kuigeuza sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana kuwa siku ya kuagiza chakula. Nyumba za Wakristo, tena zenye jiko la gesi na friji iliyojaa, siku hiyo zinapiga simu kuletewa chipsi na kuku wa kukaanga kwa bodaboda. Chakula kinafika kwenye maboksi, kila mtoto anachukua lake na kwenda kujikunyata pembeni na simu yake, mafuta yanaganda kwenye karatasi, na sikukuu imekwisha. Na zile nyumba zinazopika bado, nendeni mkatazame anayepika ni nani. Ni mama peke yake, au ni dada wa kazi aliyeamshwa saa kumi alfajiri. Baba ametoka ibadani akapitiliza baa. Vijana wamejilaza sebuleni wanauliza kama pilau limeiva.

Siwasemi kwa chuki. Nawasema kwa sababu nawajua. Hakuna watu wakarimu kama ninyi. Jirani akioza binti yake, mnajaa uani kwake usiku kucha, mnamenya vitunguu gunia zima, mnachambua mchele mpaka macho yanauma, na hakuna anayedai ujira. Msiba ukitokea, wanaume haohao wanaoona haya kushika mwiko nyumbani kwao ndio wanaopasua kuni, wanachuna ng'ombe na kusonga ugali wa watu mia mbili. Sasa jambo tunalolifanya kwa bibi harusi wa jirani na kwa marehemu wa jirani, inakuwaje litushinde siku ya Mwokozi wetu?

Tazameni wenzetu walimwengu. Katika nchi ya Poland, jioni ya tarehe 24 Desemba haliwi tonge mpaka nyota ya kwanza ionekane angani, na watoto ndio hupewa kazi ya kuitafuta. Chini ya kitambaa cha meza hutandazwa nyasi kavu kwa kukumbuka hori alimolazwa mtoto Yesu. Vyakula huwa 12, kwa hesabu ya Mitume, wala hakuna nyama: kuna samaki, supu ya bitiruti, na vifurushi vya unga vilivyojazwa kabichi na uyoga vikachemshwa, ambavyo haviwezi kufinyangwa na mtu mmoja kwa idadi inayotakiwa. Kiti kimoja huachwa wazi kwa mgeni asiyetarajiwa. Na kabla ya kula, kila mtu hushika kipande chembamba cha mkate usiotiwa hamira, akamega cha mwenzake na mwenzake akamega chake, wakatakiana heri. Waliogombana mwaka mzima watapitaje hapo bila kusameheana? Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkate ule haumegwi na mtu mmoja.

Lakini walionigusa kuliko wote ni watu wa Venezuela. Chakula chao cha Krismasi ni hallaca: donge la unga wa mahindi lililotandazwa juu ya jani la mgomba, likajazwa rojo la nyama ya ng'ombe, nguruwe na kuku, likapambwa kwa zabibu kavu na zeituni, likakunjwa, likafungwa uzi na kuchemshwa. Kazi hiyo huchukua siku nzima na mara nyingi zaidi ya siku. Familia hukaa kuzunguka meza ndefu na kila mmoja ana cheo chake. Babu hufuta majani kwa kitambaa. Shangazi hutandaza donge. Mwingine hutia rojo, watoto wadogo huhesabu zeituni, na mwenye vidole vyepesi ndiye hukunja. Wa mwisho hufunga uzi, huku na huku, mpaka kifurushi kikaze. Zaidi ya Wavenezuela milioni 7 wameihama nchi yao miaka hii ya karibuni kwa sababu ya shida, na huko Bogotá, Lima na Madrid walikokimbilia, Desemba ikifika wanahangaika kutafuta majani ya mgomba. Wanayanunua, jamani! Sisi migomba imejaa nyuma ya nyumba zetu Bukoba, Moshi na Tukuyu, na tunakula Krismasi kwenye maboksi.

Jirani zetu wa Ethiopia, waumini wa Kanisa la Orthodoksi, hufunga siku 43 bila nyama, maziwa wala mayai, kisha wakaiadhimisha Krismasi yao tarehe 7 Januari. Mchuzi wao wa kuku huanza kwa rundo la vitunguu vilivyokatwa vidogovidogo, vikapikwa taratibu kwa muda mrefu kabla kuku hajaingia chunguni. Wakisha kupika hula sinia moja, na mtu humegea mwenzake tonge akamtia kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Na Ufilipino, ambako watu huamka alfajiri kwenda misa siku tisa mfululizo, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, nje ya kanisa huwakuta akina mama wakioka bibingka: mkate wa unga wa mchele na tui la nazi, makaa chini na makaa juu. Wasomaji wangu wa pwani wanacheka sasa hivi, kwa maana huo ni ndugu wa mkate wa kumimina waliolelewa nao. Mnao ujuzi huo mikononi, ndugu zangu wa Tanga na Mombasa. Mnangoja nini kuwarithisha wajukuu?

Atatokea mjuaji aniambie kwamba Wajapani nao hula kuku wa dukani siku ya Krismasi. Ni kweli. Mwaka 1974 kampuni ya KFC ilianza kuwatangazia nchi nzima kwamba hicho ndicho chakula cha Krismasi, na hadi leo huagiza wiki kadhaa kabla. Lakini Japani Wakristo ni karibu mtu mmoja katika kila mia, na tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine. Hawakuwa na desturi ya Krismasi ya kuiacha. Sisi tulirithishwa, na usiache mbachao kwa msala upitao. Huko Uingereza, mwaka 1647 Bunge liliifuta kabisa sikukuu ya Krismasi, na watu wa Canterbury wakaingia barabarani kuipigania siku yenyewe ya tarehe 25 Desemba. Sisi hakuna bunge lililotukataza. Tunajinyang'anya wenyewe.

Wachagga niwape haki yao. Desemba ikiingia, mabasi ya kwenda Moshi na Rombo hujaa, na miji mikubwa hupungua watu. Huko kihambani mbuzi huchinjwa, nyama ikagawanywa kwa utaratibu ambao kila ndugu anajua fungu lake, ukapikwa mtori, na mbege ikaandaliwa siku nyingi kabla kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Heko kwao! Hata hivyo, wapo wanaopanda Marangu kwa magari ya kifahari, wakakaa vitini wakisubiri bibi kizee wa miaka themanini awapikie. Anakatika kiuno akimenya ndizi, wajukuu wanampiga picha. Huko si kurudi nyumbani, huko ni kumwongezea mzee mzigo. Na wengine ndio hawaendi kabisa, wanamtumia mama pesa kwa simu pamoja na ujumbe wa maua. Pesa ni njema, mkono mtupu haulambwi. Lakini mama hakuzaa simu.

Akina baba, sasa nazungumza nanyi uso kwa uso. Mnasema jikoni si mahali pa mwanamume. Fungueni Injili ya Yohana, sura ya 21. Bwana amekwisha kufufuka, amekwisha kuishinda mauti, na wanafunzi wake wanarudi kutoka kuvua usiku kucha katika bahari ya Tiberia. Wanakuta nini ufukoni? Makaa yanawaka, samaki wako juu yake, na mkate. Ni nani aliyeyakoka? Aliyepewa mamlaka yote mbinguni na duniani aliwaandalia kifungua kinywa wavuvi waliochoka, na mmoja wao alikuwa amemkana mara tatu. Wewe, mkuu wa idara, mzee wa kanisa, mwenye heshima zako mtaani, unaona aibu kupalia makaa?

Na watoto wetu tunawanyima shule isiyokuwa na ada. Pilau la Krismasi hujifunzwa kwa kusimama kando ya sufuria. Kitunguu ukikiwahi, pilau linatoka jeupe kama wali wa mgonjwa. Ukikichelewesha, kinaungua na uchungu hauondoki hata ukitia nini. Kati ya hapo na hapo pana rangi moja ya kahawia, na rangi hiyo haiandikiki kitabuni. Mtoto aionyeshwe kwa kidole: "Hapo mwanangu, tia nyama." Atwange binzari nyembamba, iliki na pilipili manga kwenye kinu mpaka harufu impande puani. Ajue maji ya mchele kwa kupima, ajue kufunika na kuweka makaa juu ya mfuniko, na mwisho agombanie ukoko na ndugu zake. Samaki mkunje angali mbichi. Wapo vijana waliomaliza chuo kikuu, wasichana kwa wavulana, ambao wakipewa mchele na nyama watalala njaa mpaka intaneti irudi.

Tena chakula cha boksi kimetuua ujirani. Wazee wetu walimwita jirani Mwislamu aje achinje kuku na mbuzi wa Krismasi, ili siku ya kula asiwepo wa kukaa nje ya karamu. Naye Idi ikifika, sahani ilivuka ua na kuja upande huu ikiwa imefunikwa kawa. Nani atavusha ua na boksi la chipsi? Amani ya nchi hii tunayojivunia ilijengwa na sahani zile, na akina mama waliozibeba hawajapata kushukuriwa hadharani.

Na hapa mniwie radhi, kuna jambo siwezi kulipita: hii theluji ya pamba. Ingieni maduka ya Dar es Salaam mwezi Desemba, jua linachoma mpaka lami inalainika, mkaone mti wa plastiki uliobandikwa pamba, na kijana maskini aliyevishwa koti la sufu na ndevu za bandia akitokwa jasho. Pamba ya nini? Nchi yenye Kilimanjaro inabandika pamba kuigiza barafu! Mti wa Krismasi tunao, na watu wenyewe waliupa jina hilo: mkrismasi, ule unaolipuka maua mekundu barabarani kila mwaka wakati huuhuu bila umeme wala betri. Kata tawi lake, weka kwenye chupa ya maji mezani, umemaliza. Fedha ya mti wa plastiki ikanunue mbuzi, au ilipe ada ya Januari ambayo inawatoa watu machozi kila mwaka.

Mtasema hamna muda. Muda wa kuchagua sare za sikukuu mliupata. Wauguzi, walinzi na madereva walio zamu siku hiyo hao wana udhuru, na watengewe chakula chao kikubwa, kisiwe makombo. Sisi wengine tukae kikao cha nyumba kabla ya tarehe 20, baba akiwa mwenyekiti. Mikono igawiwe kazi: huyu kukuna nazi, yule kuchambua mchele, huyu vitunguu, baba nyama na moto, wavulana kuosha masufuria bila kunung'unika. Simu zikae chumbani zikichajiwa mpaka watu wamekwisha kunawa mikono.

Ama dada wa kazi, ambaye kwa miaka amekuwa ndiye Krismasi yetu, naye ana mama. Mama yake yuko Singida au Iringa, anachungulia barabarani kila basi linaposimama. Mlipeni mshahara wake wote wa Desemba kabla ya safari, mkampe nauli ya kwenda na ya kurudi, mkamfungie mchele kilo tano, mafuta na kitenge cha mama yake, aondoke tarehe 22 pamoja na wasafiri wengine. Vitunguu tutamenya sisi.