Karata za Taroti na Kauli ya Kutendeka

Hoja imeanza kusikika miongoni mwa walimu wenzetu kwamba karata za taroti ziingizwe katika mafunzo ya Kiswahili. Wenye hoja hiyo hawadai kwamba karata zinatabiri mambo ya kesho. Neno kubashiri linawaudhi. Wanachodai ni kwamba karata ni kioo: mwanafunzi huvuta moja, huitazama picha yake, kisha hunena au huandika yale aliyokumbushwa na picha hiyo, yawe ni mambo ya nyumbani kwake au yanayotangazwa katika habari. Wanaongeza kwamba mtindo huu umeenea ulimwenguni kwa njia ya simu, na kwamba vijana wanaupenda. Makala haya yanaipinga hoja hiyo, ila si kwa sababu inayotolewa kwa kawaida.

Sababu ya kawaida ni kwamba karata hizi ni za kigeni, basi na zirudi zilikotoka. Anayesema hivyo kinywa chake mwenyewe kinamsuta. Mcheza karata wa Pwani, tangu Lamu hadi kusini ya Ruvuma, anapotaja shupaza ametamka neno la Kireno espadas, yaani mapanga. Kopa ni copas, vikombe. Pau ni paus, magongo. Uru ni ouros, dhahabu. Na hizo ndizo jamii nne za taroti hasa: mapanga, vikombe, magongo na sarafu. Neno karata lenyewe ni la Kireno. Turufu ni trunfo ya Wareno, ndugu wa trionfi ya Kiitaliano, na trionfi ndilo jina walilopewa wale mabwana na mabibi 22 wa picha walioongezwa juu ya karata 56 huko kaskazini ya Italia katika karne ya 15, jumla ikawa 78, mchezo ukaja kuitwa taroti. Kwa hiyo mzee anayepiga turufu barazani baada ya sala ya Alasiri anatumia msamiati wa taroti, ingawa hakuwahi kuiona. Mtu wa Olumbi, katika wilaya ya Palma, ambako Kireno ni lugha ya serikali na Kiswahili ni lugha ya pwani, aweza kuyasikia maneno hayo katika sura zote mbili kwa siku moja.

Wala Wareno hawakuzibuni. Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na seti ya karata za Wamamluki wa Misri ingali imehifadhiwa katika jumba la Topkapı mjini Istanbul. Humo mna vikombe, sarafu, mapanga, na magongo ya kuchezea mpira juu ya farasi. Wazungu wa siku zile hawakuujua mchezo huo, basi gongo la mpira likageuka gongo tu. Kitu kilichotoka Misri kikazunguka Italia na Ureno, kisha kikafika kwetu kwa majahazi. Nani basi wa kumwambia mwenzake kwamba hiki si chake?

Hoja ya ugeni imekwisha. Iliyo nzito zaidi ni ile ya hekima.

Yasemwa kwamba karata hizi zimebeba hekima ya kale. Ukweli ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia tatu watu walizichezea tu, kama sisi tunavyocheza. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, alitangaza mjini Paris kwamba zilikuwa kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya Mafirauni. Alijuaje? Maandishi ya Misri hayakuanza kusomeka hadi Champollion alipoyafumbua mwaka 1822, miaka 41 baadaye. Bwana huyo alikuwa akieleza kitabu cha taifa ambalo hakuweza kusoma hata herufi yake moja. Ama picha zinazotumika zaidi leo, zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikatolewa London mwaka 1909. Hekima hiyo ya kale ni changa kuliko reli ya Mombasa, iliyokwisha kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901.

Kama ni ukale na ufundi vinavyotafutwa, ramli ya Pwani ingestahili kutangulia. Neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ni mchanga, kwa kuwa nukta zilichorwa mchangani au juu ya ubao uliotandazwa mchanga, na ndipo tuliposema kupiga bao. Mpigaji huchora safu za nukta bila ya kuzihesabu, kisha hutazama kama zimetoka shufwa au witri. Safu nne hufanya umbo moja, na maumbo yawezekanayo ni 16. Manne ya kwanza huitwa mama. Mabinti wanne hupatikana kwa kuwasoma mama hao kwa mapana badala ya marefu. Kutokana na wanane hao huzaliwa wanne wengine, kisha mashahidi wawili, na mwisho hakimu mmoja. La kupendeza ni kwamba jumla ya nukta za hakimu ni shufwa daima, kwa sababu kila nukta ya mama imehesabiwa mara mbili, mara moja kwa mama na mara moja kwa binti. Kati ya maumbo 16, manane tu ndiyo yawezayo kukaa kitini pa hakimu. Mpigaji akileta hakimu wa witri, amekosea hesabu, na mtoto wa darasa la sita aweza kumsahihisha. Masheikh wana neno lao juu ya uaguzi, nami nawaachia. Nasema tu kwamba ramli ina kanuni, na anayeikosea huonekana. Je, karata ya taroti ina kanuni gani ambayo msomaji wake aweza kuonekana ameikosea?

Hapo ndipo pa kuipima hoja, na mahali pa kuipimia pawe Olumbi hasa, si katika chumba chenye mapazia huko mbali.

Miongoni mwa zile turufu 22 imo moja iitwayo Mnara. Picha yake ni jengo refu lililopigwa na radi, moto unatoka madirishani, watu wawili wanaanguka. Mpe karata hiyo mwanafunzi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, umwambie atafakari mambo ya siku zetu. Ataandika nini? Mwezi Januari 2018 watu wenye silaha waliingia Olumbi usiku, wakafyatua risasi sokoni na kwenye jengo la serikali, watu watano wakauawa. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth, chenye upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kilitua kwenye pwani ya mkoa huohuo na kuharibu vibaya Macomia na kisiwa cha Ibo. Kuanzia mwaka huohuo familia za Quitupo, katika rasi ya Afungi, zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda ili kupisha mitambo ya gesi, na wavuvi wakajikuta mbali na pwani yao. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ulivamiwa. Kufikia mwaka 2022 waliohesabiwa kuyahama makwao kwa sababu ya vita hivyo walikaribia milioni moja.

Yote hayo ni Mnara. Kila moja linaingia katika picha ile bila ya kusukumwa. Wenye kuzipenda karata huliona hili kuwa ndio utamu wake. Kwangu ndiyo hatia yake. Nyumba iliyoangushwa na upepo, nyumba iliyochomwa na mtu, na nyumba iliyobomolewa kwa mkataba wenye sahihi na fidia ni mambo matatu. La kwanza laulizwa wataalamu wa hewa, na wajenzi wa mapaa. La pili laulizwa mahakama. La tatu laulizwa serikali na kampuni, karatasi zikiwa mezani. Karata inayatia yote katika mfuko mmoja na kuuandika juu yake: maanguko.

Walimu wa Kiswahili tusingepaswa kukumbushwa jambo hili, maana limo katika kitenzi chetu. Ukuta umebomoka. Ukuta umebomolewa. Ukuta umebomolewa na fulani. Katika kauli ya kutendeka ukuta una hali tu, wala hapana mtendaji anayedaiwa. Katika kauli ya kutendwa mtendaji yupo hata asipotajwa, na sikio humngoja. Mwanafunzi hutumia miaka kujifunza tofauti ya kuvunjika na kuvunjwa, kumwagika na kumwagwa, kupotea na kupotezwa. Taroti haijui ila kauli ya kutendeka. Ndani yake mambo huanguka, hugeuka, hukatika, hufunguka. Karata ya Gurudumu inasema mambo yamegeuka. Nani aliyeligeuza, kimya. Kumfundisha kijana wa Olumbi kutafakari kwa njia hiyo ni kumpokonya kiambishi alichokwisha kukipata.

Mtu atasema: afadhali kimya hicho kuliko kutaja jina kwa uongo. Hapo atakuwa amegusa jambo la kweli, na si dogo. Nchini Tanzania imezaliwa istilahi ambayo kamusi zetu zingepaswa kuipa nafasi: ramli chonganishi. Neno ramli hapa halina tena mchanga wala hesabu. Limekuwa jina la uaguzi wa kila namna unaomwonyesha mgonjwa au mfiwa jirani yake na kusema, ni huyu. Katika mikoa ya kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kisa cha macho mekundu, yaliyowekundu kwa moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao. Mwezi Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza marufuku ya wapiga ramli, na kufikia Machi polisi walikuwa wamekamata zaidi ya 200. Na si vijijini tu. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu mashuhuri wa Dar es Salaam aliyefariki Mei 2011, alitangaza kabla ya uchaguzi wa 2010 kwamba atakayejitokeza ndani ya CCM kumpinga Rais Kikwete angekufa ghafla. Kikwete alipitishwa na chama bila ya mshindani, kwa hiyo utabiri haukupata kupimwa. Lakini hata usipopimwa, tangazo la namna hiyo lina kazi yake mjini.

Basi tuna waaguzi wa namna mbili. Mmoja humtaja mtendaji bila ya ushahidi, mwingine hukataa kumtaja hata ushahidi ukiwapo. Wanaotuletea wa pili wanamsifu kwa kuwa si wa kwanza. Sifa hiyo haitoshi. Katika nchi ambayo watu wameuawa sokoni, kimya kilichopambwa kwa picha nzuri chaweza kumfaa muuaji kama vile jina la uongo linavyomfaa.

Imebaki hoja yao iliyo bora, nami nairudia kwa uadilifu: picha humfungua kinywa mtoto aliyenyamaza. Ni kweli. Mtoto aliyekimbia usiku hawezi kuambiwa tu, haya, andika insha. Lakini picha zipo, na hazihitaji kutoka London. Pana chombo kilichopakiwa watu kupita kiasi, pana kisima, pana mlango wenye kufuli na nyumba yake haipo. Mtoto wa Olumbi akionyeshwa picha ya chombo kilichojaa watu atauliza kwanza kinakwenda wapi na nahodha ni nani. Maswali hayo mawili yana thamani kuliko karata zote 78.

Zaidi ya picha tunacho kitendawili, na nashangaa kwamba wenzetu wameruka juu yake. Kitendawili nacho ni cha kuzungukazunguka, nacho humfikirisha mtu kwa mfano. Lakini kina jibu. Aliyetegewa aweza kushindwa, naye akishindwa hutoa mji. (Watu wa wilaya ya Palma wamekwisha kutoa mji kwa kweli, wala hapakuwa na mchezo.) Karata ya taroti haimshindi yeyote. Kila jibu ni sahihi, kila mtu ameona, darasa linakwisha kwa makofi. Mwalimu aliyetoka katika somo ambalo hapana awezaye kukosea amefundisha nini siku hiyo?

Napendekeza hoja ya taroti iondolewe katika ajenda, na badala yake lijaribiwe zoezi jepesi. Wanafunzi wachukue habari moja ya mwezi huo waijuayo vizuri. Waiandike kwa sentensi tatu: ya kwanza katika kauli ya kutendeka, ya pili katika kauli ya kutendwa, ya tatu katika kauli ya kutenda, mtendaji akitajwa. Kisha chini ya sentensi ya tatu waandike wamejuaje. Wasioweza kuiandika ya tatu waiache tupu, wala mwalimu asiwajazie. Daftari likirudi na mstari mtupu, mwalimu aandike tarehe kando yake, ili mwanafunzi aurudie habari zitakapopatikana.