Cheti na mikono

Wazazi wapendwa, mmetuuliza: je, cheti cha huduma ya kwanza cha hapa kambini kitafaa tukihamishiwa Marekani? Kitunzeni, ila huko waajiri wengi hutaka cha kwao, na kwa kawaida hicho hukwisha baada ya miaka 2. Basi tusifuate karatasi tu. Kabla ya kujiandikisha, ulizeni kama kuna sanamu ya kubonyeza. Kukaa benchi na kunywa soda siyo mafunzo!

Mtu mzima akizimia na hapumui, mtume mtu mbio zahanati. Bonyeza katikati ya kifua, kina sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika: 30, kisha pumzi 2. Inachosha kweli, mkiwa wawili mpokezane. Mtoto aliyezama majini, anzeni na pumzi.