Njia ya Ndege na Njia ya Gari

Wenyeji wa Nuu, kule Kitui, wanajua kwamba kilima kionekanacho karibu huweza kumaliza siku ya mtembeaji. Kaskazini mwa Kenya jambo hilo limezidi. Kutoka Lodwar hadi Loiyangalani, ndege ikinyoosha njia, ni kilometa 130 hivi tu: rubani huvuka Ziwa Turkana akatua kabla ya saa moja kwisha. Mwenye gari hana daraja. Humpasa kuizunguka ncha ya kusini ya ziwa, mamia ya kilometa, katika nchi ya mawe na mabonde makavu. Mashua zipo, lakini mawimbi ya huko si ya kuchezewa. Mtu akizidiwa na ugonjwa Loiyangalani, jamaa zake huuliza kwanza kama ndege ipo, na kama upepo wa ziwani utairuhusu kutua.