Benchi kwa Wanakijiji, Ardhi kwa Mwinyi

Kila unapozuka mjadala kuhusu kupeleka madaraka kwa wananchi, hakosekani mtu wa kutuelekeza macho Uingereza. Huko, twaambiwa, demokrasia ilianzia kijijini: wanakijiji walikutana, wakajitoza kodi, wakatengeneza barabara zao na kuwalisha maskini wao bila kumngoja bwana mkubwa wa mjini. Hadithi hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inapotosha. Anayeichunguza historia ya kijiji cha England atakuta kwamba mnyonge alikabidhiwa kura ya kijiji pale tu jambo lenye thamani kubwa kuliko yote, yaani ardhi, lilipokuwa limekwisha kuondolewa mezani.

Tuanze na parokia. Kwetu neno hili ni la kanisa, na England nako lilianza hivyo. Katika karne ya 16 watawala wa ukoo wa Tudor waliigeuza parokia kuwa ngazi ya chini kabisa ya serikali. Sheria ya 1555 ilizitaka parokia zitengeneze barabara zao kwa nguvu za wakazi wake. Sheria ya 1601 iliweka wasimamizi wa maskini na kuwapa uwezo wa kutoza kodi. Vikao vilifanyika katika chumba ambamo makasisi walivalia majoho, kiitwacho vestry, na jina la chumba likawa jina la mkutano wenyewe.

Wanaousifu mkutano huo husahau kutueleza ni sauti ya nani iliyosikika ndani yake. Sheria ya 1818 ililiweka jambo hilo bayana: mwenye mali kidogo alipata kura moja, mwenye mali nyingi aliweza kupata hadi kura sita. Hivyo walioamua kibarua apewe msaada kiasi gani walikuwa, aghalabu, ndio hao hao waliomlipa ujira usiomtosha. Mwaka 1834 hata jukumu hilo likahamishiwa kwenye miungano ya parokia, na maskini wakapelekwa katika majumba ya kazi ambamo mume alitenganishwa na mke, na mzazi na mtoto.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikichukuliwa. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua mashamba ya wazi na malisho ya pamoja. Zilihusu takribani ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Ridhaa ya kijiji ilipimwa kwa thamani ya ardhi ya waliokubali, wala si kwa idadi ya vichwa. Mjane aliyechunga ng'ombe wake mmoja katika malisho ya wote hakuwa na hati, na asiye na hati hakuhesabiwa. Watetezi husema kwamba nyua zile ziliongeza mavuno. Hata tukikubali, swali linabaki palepale: mavuno yaliingia ghala la nani?

Atasimama mtu aseme: mbona kuna Laxton? Na aseme, kwa kuwa Laxton ndiyo shahidi bora katika kesi hii. Ni kijiji cha Nottinghamshire ambacho mashamba yake matatu makubwa ya wazi hayajazungushiwa ua hadi leo. Yamegawanywa katika vipande virefu vya wakulima mbalimbali, na kwa zamu shamba moja hupandwa ngano ya majira ya baridi, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu hupumzishwa. Ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635 ingali inatambulika ardhini. Kila mwaka, majira ya baridi yakikaribia, jopo la wakulima huzunguka shamba lililopandwa ngano, hukagua mipaka, hupigilia vigingi, na aliyelima hadi kula njia au majani ya pamoja hutozwa faini katika mahakama yao ya kale, Court Leet. Sheria ya Bunge ya 1977 ilipozinyang'anya mahakama za aina hiyo mamlaka yake, ile ya Laxton iliachiwa.

Ni jambo la kuvutia, nami sitalibeza. Lakini hebu tuulize: ardhi hiyo ni ya nani? Mwaka 1952 mwinyi wake, Earl Manvers, aliiuza kwa Wizara ya Kilimo. Mwaka 1981 ikakabidhiwa Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Taji la Uingereza. Mwaka 2020 ikauzwa tena, ikarudi kwa Thoresby Estate, yaani milki ya warithi wa ukoo uleule wa Manvers. Mahakama ya wakulima inaweza kumtoza faini mkulima aliyepitisha jembe hatua moja nje ya mpaka wake. Haina uwezo wa kuzuia kijiji kizima kuuzwa. Hiyo ndiyo tafsiri ya kupewa madaraka bila ardhi: mnapewa haki ya kuchungana ninyi kwa ninyi.

Ndipo ikaja sheria ya 1894, iliyoanzisha mabaraza ya parokia tunayoyasikia. Ilikuwa na mema yake. Wanawake, hata walioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea. Mikutano ya parokia ilikatazwa kuanza kabla ya saa kumi na mbili jioni ili vibarua wapate nafasi ya kuhudhuria. Lakini uchaguzi wa kwanza, Desemba mwaka huo, ulifanywa kwa kunyoosha mkono, isipokuwa pale watu walipodai kura ya karatasi. Wabunge walikuwa wakichaguliwa kwa siri tangu 1872. Kibarua akatakiwa anyooshe mkono mbele ya macho ya mwenye shamba, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa pia mwenye nyumba yake. Na kodi ambayo baraza liliweza kutoza iliwekewa kikomo: peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya mali, au 6 kwa ridhaa ya mkutano wa parokia.

Leo England ina mabaraza ya namna hii takribani 10,000. Hutunza makaburi, vibanda vya basi, benchi za kupumzikia na vishamba vya kukodisha. Kampuni ikitaka kujenga nyumba mia kando ya kijiji, baraza hutoa maoni. Uamuzi hufanywa na mamlaka ya juu. Tusishangae basi kwamba viti vingi hupata watu bila kura kupigwa. Watu hawagombanii kiti kisichoamua kitu.

Nasi yanatuhusu nini? Mwaka 1947 Waziri wa Makoloni, Arthur Creech Jones, aliwaandikia magavana wa Afrika akiwataka wajenge serikali za mitaa za kidemokrasia, na kielelezo kilikuwa cha Kiingereza. Hatukupelekewa kielelezo hicho pamoja na historia yake. Itazame Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: ardhi ya kijiji inapohamishwa, mkutano wa kijiji huridhia au kukataa iwapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, kijiji hutoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Kwa maneno mengine, ardhi inapokuwa kubwa ndipo sauti ya kijiji inapokuwa ndogo.

Mwenye kisu ndiye alaye nyama. Afisa atakayekuja kijijini kwako na semina ya utawala bora, mpokee kwa heshima, msikilize hadi mwisho, kisha umwulize: katika haya mnayotuletea, lipi tunaweza kulikataa, na likakataliwa kweli?