Kabla ya kumwita shofere mwizi, pimeni esansi



Juma hili najibu barua ya wamama wanne wa Likasi. Majina yao nayaacha kando, kwa sababu shofere wao ni shemeji ya mmoja wao na wanaishi katika parseli moja. Wanne hao wanasafiri pamoja kwenda Lubumbashi mara mbili kwa juma, asubuhi kwenda na jioni kurudi, katika motokari ndogo aina ya Vitz. Wawili wanafanya biashara, mmoja ana kazi ya ofisi, mmoja anasomea uuguzi. Kila mmoja anatoa mchango wa esansi. Mwaka huu mchango umepandishwa mara mbili, na sasa shofere anaomba mara ya tatu. Katika mkutano mama mmoja amesema wazi: shemeji anatoa esansi ndani ya bidoni na kuiuzia wakadhafi. Mwingine amesema ni motokari imezeeka. Mama mwenye shemeji amelia, na siku ya kwanza iliyofuata hakupanda motokari. Wananiuliza nani anasema kweli.

Mimi siwezi kujua, na ninyi pia bado hamjui. Bei ya esansi kwenye stasio inapangwa na serikali, na esansi yetu ya Katanga inatoka mbali, inapitia Kasumbalesa kabla ya kutufikia. Hapo hatuna la kufanya. Lakini ni litri ngapi motokari yenu inakunywa kwa kilometa 100, hilo mnaweza kulijua bila kumuuliza mtu, kwa kaye ya franga chache na bik.

Fanyeni hivi. Jazeni tangi mpaka pompa ijifunge yenyewe. Andikeni namba ya konteri, ile inayohesabu kilometa mbele ya shofere. Safirini. Halafu rudini kwenye stasio ileile, pompa ileile kama inawezekana, mjaze tena mpaka pompa ijifunge. Litri zilizoingia mara ya pili ndizo zile motokari imekunywa. Zidisheni litri hizo kwa 100, mgawanye kwa kilometa mlizotembea. Tuseme konteri ilikuwa 143 250, sasa iko 143 742: ni kilometa 492, yaani Likasi na Lubumbashi kwenda na kurudi mara mbili, na kilometa chache za mjini. Tangi imepokea litri 33. Basi 3 300 ukigawanya kwa 492 unapata 6,7. Motokari yenu inakunywa litri 6,7 kwa kilometa 100. Mtoto wa mwaka wa sita anaweza kuwafanyia hesabu hiyo, na inafaa mmpe aifanye.

Msipime kwa kuangalia mshale wa esansi. Mshale unadanganya. Na msinunue kwa chupa njiani katika majuma ya kupima, kwa sababu hamtajua kama chupa ina litri kamili, wala kama ndani yake hakuna maji au mafuta ya taa.

Kwa motokari ndogo yenye moteri ya litri 1 au 1,3, katika njia ya kaburimbo, watu watano ndani, shofere mtulivu, litri 6 au karibu 7 ni sawa. Mkipata 9 au 10, kuna kitu.

Sasa sikieni jambo ambalo litawaonyesha kitu hicho kiko wapi. Pimeni mara mbili, kwa namna mbili. Kwanza pimeni juma nzima kama kawaida, bila kusema neno. Kisha pimeni safari moja tu: mnajaza Likasi asubuhi mama mmoja akiwa pale, mnakwenda Lubumbashi, motokari inabaki imefungwa siku nzima mahali mnapoiona, mnarudi jioni, mnajaza tena kabla ya kila mtu kwenda nyumbani. Mkipata litri 9 juma nzima, na litri 9 katika safari hiyo mliyoilinda, basi shemeji hana kosa la wizi. Tatizo ni mguu wake au ni moteri. Lakini mkipata 9 juma nzima na 6,5 katika safari mliyoilinda, esansi inakwenda mahali pengine.

Hata hapo, mahali pengine si lazima iwe bidoni. Angalieni kilometa. Likasi na Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Safari mbili za kwenda na kurudi hazizidi sana 480. Kama konteri inaonyesha 600 kwa juma, basi motokari inafanya kazi mjini mchana ninyi mkiwa sokoni na ofisini. Anabeba watu. Nawauliza kwa heshima: shofere huyo anakula nini kuanzia asubuhi mpaka mnaporudi? Katika barua yenu mmeandika mchango wa esansi, mmeandika peaje, mmeandika hata pesa ya kuosha motokari. Chakula cha shofere sikukiona.

Na kama kilometa ni zilezile 480 lakini litri ni nyingi kupita kiasi, muulizeni kama anangoja na moteri ikiwaka ili asikie muziki. Moteri ndogo ikisimama inawaka hivyo, inakunywa kuanzia nusu litri mpaka karibu litri moja kwa saa. Masaa matatu kwa siku, siku mbili kwa juma, hesabuni wenyewe. Pale ambapo hayo yote yamekataa, ndipo neno bidoni linaweza kusemwa, na lisemwe na mtu mkubwa wa familia, si mbele ya kikundi.

Tuje kwenye mguu, maana kwa njia ndefu kama hiyo mimi naona huko ndiko esansi nyingi inakoishia.

Mama wa ofisi ameandika kwamba shemeji "anajua kukimbia" na kwamba vijiji vikipita anafika 110. Hewa haionekani, lakini motokari inaisukuma njia nzima, na kadiri unavyokimbia hewa inakuwa ngumu. Haipandi sawasawa na vitesi, inapanda kwa vitesi mara vitesi. Chukueni 80 mara 80: ni 6 400. Chukueni 100 mara 100: ni 10 000. Vitesi vimeongezeka robo tu, lakini nguvu ya hewa imeongezeka zaidi ya nusu. Kwa 110 ni 12 100, karibu mara mbili ya ile ya 80. Moteri inalipa nguvu hiyo kwa esansi, na esansi mnailipa ninyi.

Mnapata nini kwa malipo hayo? Kilometa 120 kwa vitesi 80 ni saa moja na nusu. Kwa vitesi 100 ni saa moja na dakika 12. Mmenunua dakika 18, na hata hizo hamzipati zote, kwa sababu kuna peaje, kuna vijiji, na kuna malori ya shaba yanayotoka Kolwezi ambayo yanawasimamisha wote sawa, aliyekimbia na asiyekimbia.

Malori hayo ndiyo shida ya pili. Shofere wa haraka anafika nyuma ya lori kwa 110, anakanyaga freni, anangoja nafasi, anakanyaga esansi kwa nguvu, anapita, anakuta lori lingine. Kila freni inatupa nguvu ambayo esansi ilishaizaa, kisha inabidi kuinunua upya. Shofere mzuri anaona lori mbali, anaondoa mguu mapema, anaacha motokari ipungue yenyewe. Tena Vitz zetu zimetoka Japani, usukani uko upande wa kuume, nasi tunatembea upande wa kuume wa njia. Nyuma ya lori shofere haoni kitu mpaka ametoa nusu ya motokari nje. Anayeona ni mama aliyekaa mbele upande wa kushoto, na kwa kawaida mama huyo amesinzia. Kwa sababu hiyo peke yake ningependa watembee 80 na kubaki mbali na lori, hata kama esansi ingekuwa ya bure.

Kuna akiba ya uongo ambayo mashofere wanapenda: kwenye mteremko wanatoa motokari katika vitesi, inashuka tupu. Katika motokari za enjeksio, na Vitz ni mojawapo, ukiondoa mguu huku vitesi vimeingia, kompyuta inafunga esansi kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha moteri. Ukitoa vitesi, moteri lazima inywe kidogo ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka tupu anakunywa zaidi, na amejinyima msaada wa moteri katika kuzuia motokari. Freni zinabaki peke yake, zinapata moto. Mkatazeni.

Juu ya motokari msiweke kitu. Najua makala ya njiani ni rahisi kuliko ya mjini, na gunia moja kwenye chuma cha juu linaonekana si neno. Lakini uzito wa gunia si tatizo kubwa katika njia tambarare. Tatizo ni kwamba linasimama ndani ya hewa kama mlango uliofunguliwa. Likiingia nyuma, katika kofu, mtalisikia kidogo sana. Na chuma chenyewe, kama hakina kazi, kifunguliwe, maana hata kikiwa kitupu kinazuia hewa.

Sasa motokari yenyewe. Nimezungumza na fundi mmoja ninayemwamini, na mambo ya kuangalia kabla ya kununua chochote ni haya.

Magurudumu yajazwe hewa asubuhi yakiwa baridi. Kipimo kiko kwenye karatasi iliyobandikwa katika fremu ya mlango. Imeandikwa Kijapani, lakini namba tunazisoma: 220 kPa, kwa mfano, ni bari 2,2. Gurudumu laini linavuta motokari nyuma, na katika joto la mwezi wa kumi linaweza kupasuka.

Mkifika Lubumbashi, mmoja asogeze mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa chuma. Moja likiwa na moto kuliko mengine, freni yake inashika muda wote, na mnalipia kilometa 240 za kuburuta.

Katika Vitz nyingine za otomatiki kuna kifungo kwenye mkono wa vitesi kimeandikwa O/D. Kikifinywa, taa ya O/D OFF inawaka mbele ya shofere, na vitesi vya mwisho haviingii tena. Moteri inalia njia nzima bila sababu. Kuna watu wametembea miaka na taa hiyo wakidhani ni pambo.

La mwisho ndilo linanikasirisha. Motokari ikipata moto mara moja, mafundi wengi wanatoa termosta na kuitupa, wanasema Afrika ni joto, haina kazi. Termosta ndiyo inaruhusu moteri kufika joto lake na kubaki pale. Ikitoka, moteri inatembea baridi, hasa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, na kompyuta ikiona baridi inaongeza esansi kama vile motokari imeamka sasa hivi. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ndogo ya buluu inayowaka moteri ikiwa baridi. Kama mmetoka Likasi kilometa kumi na zaidi na taa ya buluu bado inawaka, au inazimika na kuwaka tena, muulizeni fundi: termosta iko wapi? Kuirudisha hakugharimu sana, lakini kwanza atafute kwa nini motokari ilipata moto siku ile, isije ikawa mfereji wa maji umeziba.

Zile dawa za chupa zinazouzwa ili kumwaga katika tangi, mkiahidiwa nusu ya esansi, wekeni pesa hiyo katika likelemba.

Kuhusu mkutano wenu ujao: msimwite shemeji kumhukumu. Mwambieni mnataka kupima motokari, mmpe kaye yeye mwenyewe aandike konteri na litri kila mara, na mama aliyekaa mbele aandike pia katika yake. Mpangeni vitesi 80 kwa majuma mawili, na chakula chake kihesabiwe katika mchango kuanzia siku ya kwanza ya kupima, ili asiwe na sababu ya kutafuta watu mjini. Litri zikishuka, gawaneni naye kidogo kile kinachobaki. Na yule mama aliyelia aende mtu kumwita nyumbani kabla ya safari ya siku ya kwanza, asitumiwe ujumbe wa telefone.