Mtoto Mkubwa na Ziwa la Mama

Hapa Milimani, Nakuru, mama anayemnyonyesha mtoto aliyekwisha kutembea na kuanza kusema, hata akiwa barazani kwake mwenyewe, huona haya akamfunika kwa leso, si kwa kuwa anachukia kunyonyesha, bali kwa kuwa wageni humtazama kana kwamba ametenda fedheha. Taabu ipo, sikatai: mtoto wa mwaka na nusu huvuta blauzi mbele za watu, huchezea ziwa la pili kwa vidole, na ufizi ukimwasha huuma. Lakini hilo ni baina ya wawili hao. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, imetaja miaka miwili kamili, tena ikawaruhusu wazazi, wakishauriana na kuridhiana, wamwachishe kabla. Shirika la Afya Duniani nalo lanena miaka miwili au zaidi. Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, walakini Mei 2018 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mama mmoja kulalamika kwamba aliamriwa ajifunike mkahawani. Mama akichoka, na amwachishe polepole, aanze kwa ziwa la mchana, la usiku liwe la mwisho. Na kama hajachoka, sioni hoja ya jirani.